Fundi wa Matundu

Walikuja na karatasi, wameandika kwa wino wa bluu:
shuka kumi na mbili za marekani, ngao sita za ngozi,
mashati mawili ya askari wa Mdachi.
Maonyesho Jumamosi, Kalenga, saa nne.
Nikashona. Kasiani Nyaulingo akazipokea, akazinusa.
Mama Tuli, akasema, hizi zinanuka duka.
Zichakaze.

Miaka thelathini na moja hapa Mlandege
nimelipwa kuziba. Magoti ya wanafunzi,
makwapa ya makondakta,
suruali za maharusi walionenepa.
Leo nalipwa kutoboa, na mkono hautaki.
Mkasi unafika kwenye nguo, unasimama
kama ng'ombe mlangoni pa josho.

Nikaanza na msasa. Siyo kila mahali:
nguo haizeeki kwa usawa, inazeeka pale mtu alipo.
Bega linalobeba ngao. Pindo linalofagia umande.
Kiuno, pale mkanda unapong'ang'ania.
Nikachemsha magome ya miwati kutoka Kibena
mpaka maji yakawa rangi ya chai ya msibani,
nikaloweka, nikakamua, nikazifukia
kwenye udongo mwekundu nyuma ya choo
siku tatu, mvua ikinisaidia bila malipo.
Kuku walizikanyaga. Nikawaacha; wanajua kazi.

Kwa damu, rosela na masizi, na kahawa kidogo,
maana damu haibaki nyekundu.
Hilo sikufundishwa na mtu wa maonyesho.
Mwanamke yeyote anayefua analijua.

Lutengano, kijana wa Tukuyu, ndiye aliyepangiwa kufa wa kwanza.
Jina lake kwao ni amani. Tulicheka, kisha hatukucheka.
Alitaka tundu kifuani, kubwa,
lionekane mpaka kwa watu wa nyuma.
Nikamwambia risasi haina makuu:
inaingia kama mgeni mwenye adabu,
ikitoka ndiyo inavunja mlango.
Nikachoma msumari kwenye jiko la mkaa,
nikausukuma toka mbele. Nyuzi zikaingia ndani,
zikajikunja, ncha nyeusi,
ngumu ukizigusa kwa kidole.

Kidole kikakumbuka.

Koti la baba, la mwaka sabini na tisa,
alilorudi nalo kutoka Uganda.
Chini ya kwapa la kushoto, kijitundu.
Mama alinipa sindano, nina miaka tisa,
kazi yangu ya kwanza, mishono yote imepinda.
Nikauliza. Baba akasema: panya.
Panya wa kambini, wakubwa hivi,
akaonyesha kwa mikono,
tukacheka mpaka taa ikaishiwa mafuta.

Usiku ule nililitoa sandukuni.
Nikafumua uzi wangu, polepole, mshono kwa mshono.
Panya hutafuna. Panya haunguzi.
Nyuzi zote zilikuwa zimeelekea ndani.
Nikaligeuza koti, nikatafuta pa kutokea,
mgongoni, begani, kwenye bitana.
Hapakuwa na pa kutokea.
Basi tulimzika nayo.
Ndiyo maana alinipandisha baiskeli kwa mkono mmoja,
nami nikajisifu shuleni
kwamba baba yangu ana nguvu.

Jumamosi Lutengano alikufa vizuri.
Watu walipiga makofi. Mtoto mmoja akalia,
akanunuliwa karanga.
Kasiani alisimama pembeni anahesabu ngao.

Jumatatu furushi likarudi.
Mama Tuli, zifue, uzibe matundu,
mwakani wanakufa wengine.

Nimeziba yote, kwa mashine, mchana mmoja.
Koti nimelitundika lilivyo, karibu na dirisha.
Saa tisa jua likigeukia upande huu
mwanga unapita, mdogo, kama punje ya ulezi,
pale alipopita panya.